Jiwe la Mtoto na Milima ya Dolomiti: Maoni Juu ya Kufundisha Uainishaji

Jambo ninalotaka kulizungumza katika makala haya ni dogo kwa sura, lakini madhara yake darasani ni makubwa. Ni desturi yetu, sisi walimu, ya kuwapa watoto makundi ya vitu bila ya kuwaeleza makundi hayo yamepatikana kwa kigezo gani. Twasema: milima iko ya aina tatu, miamba iko ya aina tatu, andikeni. Watoto huandika, hukariri, na siku ya mtihani hurudisha kile walichopewa. Mimi nami nilifundishwa hivyo, na kwa miaka kadhaa nimewafundisha wanachuo hivyo hivyo. Sasa nimebadili maoni yangu, na ningependa ninyi mnaojiandaa kuwa walimu mjue sababu.

Kisa cha darasani

Nilikwenda kumtazama mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha. Darasa lilikuwa la Tano, katika shule moja ya pwani. Mwanachuo huyo alikuwa amejiandaa vema. Mezani aliweka kokoto za mtoni, kipande cha jiwe gumu jeusi, jiwe la matumbawe, kauri, na makombe ya chaza. Kando yake aliweka nyungo mbili. Akawaambia watoto: "Pangeni vitu hivi katika makundi mawili." Hakusema zaidi ya hapo.

Watoto wawili wa kwanza waliweka mawe upande mmoja na makombe upande wa pili, wakapigiwa makofi. Wa tatu alikuwa msichana mdogo aliyekaa karibu na dirisha. Yeye alilichukua jiwe la matumbawe akaliweka pamoja na kauri na makombe. Mwanachuo akamwambia, "Hilo ni jiwe. Lirudishe kwa wenzake." Mtoto akasita, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mwalimu, babu huvichoma pamoja katika tanuri, na vyote huwa chokaa." Darasa likacheka. Mwanachuo akamjibu kwamba hapa tunajifunza sayansi, si kazi za babu. Mtoto akalirudisha jiwe, akaenda kukaa, wala hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Nami nilikuwa nimekaa nyuma na karatasi yangu ya tathmini. Niliandika: "Mwalimu amelidhibiti darasa vizuri." Nikampa alama nzuri.

Siku chache baadaye nilikuwa chuoni nikitayarisha somo juu ya Milima ya Alps ya Ulaya. Nilipofika kwenye sehemu ile iitwayo Milima ya Dolomiti, nililiona jiwe la yule msichana mbele yangu, na nikatambua kwamba siku ile aliyekosea hakuwa yeye.

Milima iliyotoka baharini

Milima ya Dolomiti iko kaskazini ya Italia, upande wa kusini wa Alps. Mipaka yake ya kawaida huwekwa kwa mabonde ya mito: magharibi Adige na Isarco, kaskazini Rienza, mashariki Piave, na kusini bonde la mto Brenta. Wakazi wake husema Kiitalia, Kijerumani na Kiladini, na kwa hiyo mlima mmoja waweza kuwa na majina mawili au matatu. Mlima mrefu kuliko yote ni Marmolada, wenye mita 3,343. Mtazamaji akisimama bondeni huona malisho ya majani chini, kisha kuta za mawe meupe na ya kijivu zilizosimama wima kama zimekatwa kwa shoka.

Kuta hizo zilitoka baharini. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita mahali hapo palikuwa na bahari ya joto isiyo na kina kirefu. Mwani, sponji, matumbawe na vijidudu vya namna nyingi viliishi humo, vikajenga kwa miili yao miamba minene ya chokaa. Baadaye sana, kipande cha ardhi kilichokuwa na uhusiano na bamba la Afrika kilisukumana na Ulaya, sakafu ya bahari ikakunjwa na kuinuliwa, na milima ya Alps ikatokea. Mwaka 1860 mwanajiolojia wa Kijerumani, Ferdinand von Richthofen, alitoa maoni kwamba mlima Schlern, ambao Waitalia huuita Sciliar, ulikuwa zamani mwamba wa matumbawe. Mwaka 1879 Edmund von Mojsisovics wa Austria alichapisha kitabu kizima juu ya miamba hiyo ya kale.

Basi wataalamu wa Ulaya walifanya nini? Walilichukua jiwe, wakaliweka katika ungo mmoja na makombe ya baharini. Hivyo ndivyo alivyofanya yule msichana wa Darasa la Tano. Richthofen alisomwa na kusifiwa, msichana alichekwa.

Jina na jiwe

Jina la milima hii nalo lina mafunzo. Mwaka 1791 Mfaransa mmoja, Déodat de Dolomieu, alichapisha maelezo ya jiwe alilolikuta katika Alps. Kwa sura lilifanana na jiwe la chokaa. Lakini jiwe la chokaa likidondoshewa tindikali hutoa povu upesi, na jiwe hili lilitoa povu kidogo sana, tena polepole. Mwaka 1792 Nicolas-Théodore de Saussure alilipa jina la Dolomieu. Leo twajua kwamba chokaa ya kawaida ina kalsiamu, na kwamba dolomiti ina kalsiamu pamoja na magnesiamu. Hivyo jiwe lilipata jina la mtu, na katika karne ya 19 milima ikapata jina la jiwe.

Mtu angetazamia sasa kwamba Milima ya Dolomiti ni ile iliyojengwa kwa jiwe la dolomiti, basi. La hasha. Marmolada, mlima mrefu kuliko yote katika safu hiyo, sehemu yake kubwa ni chokaa ya kawaida. Mkabala nao, upande wa kaskazini, kuna ukingo wa Padon wenye mawe meusi ya volkano. Na upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Adige, liko kundi la Brenta. Mawe yake ni dolomiti hasa, lakini kwa kuwa liko nje ya mpaka wa mto, wanajiografia wengi hulihesabu mbali.

Twaona basi kwamba mtu anayepanga kwa mawe na mtu anayepanga kwa mito hawatapata orodha moja. Na hakuna kati yao aliye mwongo.

Mpangilio mmoja haukutosha

Watu wa Alps wenyewe wamepanga na kupangua mara nyingi. Mwaka 1924 vyama vya wapanda milima vya nchi zisemazo Kijerumani vilipata mgawanyo wa Alps za Mashariki ulioandaliwa na Moriggl. Mgawanyo huo ulirekebishwa mwaka 1984, ukawa na makundi 75, yaliyowekwa katika sehemu kubwa nne: Kaskazini, Kati, Kusini na Magharibi. Sehemu ya Kaskazini na ile ya Kusini ndizo zenye safu nyingi za chokaa. Ya Kati ina zaidi miamba migumu iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo. Hata hivyo mipaka ya makundi mengi hufuata mabonde na mito, maana vyama hivi vilihitaji mpangilio wa kumsaidia mtu anayesafiri kwa miguu, anayetafuta njia na nyumba ya kulala. Katika mpangilio huo Dolomiti ni kundi moja, na Brenta ni kundi jingine.

Nchini Italia, mwaka 1926, ulitolewa mpangilio uliozigawa Alps zote katika sehemu tatu: Magharibi, Kati na Mashariki. Mwaka 2005 Sergio Marazzi alitoa mpangilio mpya wa sehemu mbili tu, Magharibi na Mashariki, uliokusudia kupatanisha desturi za mataifa mbalimbali. Katika mpangilio huo, sehemu ya Dolomiti imeingizwa milima ya Fiemme, ambayo kwa wingi ni ya mawe ya volkano, na Brenta imebaki katika sehemu nyingine.

Kisha mwaka 2009 UNESCO iliiandika Dolomiti katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kigezo kilikuwa uzuri wa sura ya milima pamoja na thamani yake katika elimu ya miamba. Palichaguliwa maeneo tisa yaliyotengana, zaidi ya hekta 141,000 kwa jumla. Na Brenta ikaingia! Mlima uliohesabiwa nje kwa kigezo cha mito ulihesabiwa ndani kwa kigezo cha mawe na sura.

Milima yenyewe haikusogea. Mwaka 1924 na mwaka 2009 Brenta ilikuwa mahali pake pale pale. Kilichobadilika ni swali waliloulizana watu. Mpanda milima huuliza, "Nitapita njia gani?" Mtaalamu wa miamba huuliza, "Jiwe hili lilitokeaje?" Anayelinda urithi huuliza, "Kipi kisipotee?" Kila swali lina makundi yake, na kila kundi ni jibu la swali fulani. Anayempa mtoto makundi bila ya swali amempa jibu la kitu ambacho hakukiuliza.

Yatuhusuje sisi?

Huenda msomaji akasema kwamba Alps ni mbali mno na mtoto wetu. Ni kweli, na simshauri mtu aanze nazo. Lakini kosa tunalolifanya kwa milima ya mbali ndilo tunalolifanya kwa milima yetu. Chukueni mifano minne: Kilimanjaro, Usambara, Dolomiti, na safu za Alps ya Kati. Tukiipanga kwa jinsi ilivyotokea, Kilimanjaro ni ya volkano. Usambara iliinuliwa baada ya ardhi kupasuka. Dolomiti na Alps ya Kati ziko pamoja, kwa sababu zote ziliinuliwa na kusukumana kwa mabamba. Tukiipanga kwa aina ya mawe, mambo yanageuka: Usambara na Alps ya Kati zinakaa pamoja, kwa kuwa zote zina miamba mingi migumu iliyogeuzwa, na Dolomiti inabaki na chokaa yake. Tukiipanga kwa urefu unaozidi mita 3,000, Kilimanjaro inaungana na zile za Ulaya, na Usambara inabaki peke yake. Milima ni minne ile ile. Nyungo ndizo zilizobadilika.

Na ikiwa mwatafuta ndugu wa Dolomiti kwa upande wa mawe, msiende mbali. Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, yamechimbwa na maji katika jiwe la chokaa lililoundwa baharini zamani sana. Mawe ya matumbawe yaliyojenga miji ya kale ya Kilwa na Lamu ni wa ukoo huo huo, ingawa umri wao ni mdogo. Babu wa yule msichana, anayechoma matumbawe na makombe katika tanuri moja, anajua jambo la kweli juu ya asili ya vitu hivyo. Hakulipata kitabuni, alilipata kazini, na mjukuu wake alilileta shuleni kama mtu anavyoleta zawadi.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu shule inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Lawama hiyo ilinigusa mimi niliyekaa nyuma ya darasa lile. Hatukumnyima yule mtoto alama moja tu. Tulimfundisha kwamba ayajuayo nyumbani hayana nafasi shuleni. Zoezi la kufundisha lilikwisha Ijumaa ile, na hatukurudi tena kwake.

Njia ninayoipendekeza

Kwanza, mwalimu ataje kigezo, au awaombe watoto wakitaje. Maneno "pangeni katika makundi mawili" hayatoshi. Aseme, "Pangeni kwa ugumu," au "Pangeni kwa vile ambavyo zamani vilikuwa sehemu ya kiumbe hai na vile ambavyo havikuwa." Akitaka kuwaachia watoto uhuru, na awaachie kweli: kila kikundi kipange kitakavyo, kisha wenzao wakisie kigezo kilichotumika. Nimewaona wanachuo wenyewe wakifurahia zoezi hili kuliko mhadhara wa saa nzima.

Pili, vitu vile vile vipangwe zaidi ya mara moja. Mtoto akishaviona vitu vyake sita vikihama kutoka ungo hadi ungo kwa sababu swali limebadilika, atakuwa ameelewa uainishaji kuliko aliyekariri majina kumi.

Tatu, mgawanyo upimwe kwa jaribio. Hapa siki au maji ya ndimu yatosha. Kwangua kidogo unga wa jiwe la matumbawe, wa kombe, na wa jiwe la mtoni, kila mmoja mahali pake. Dondosha matone machache juu ya kila unga, kisha watoto wainame na kutazama. Unga wa matumbawe na wa kombe utatoa viputo vidogo. Jiwe la mtoni, kama halina chokaa ndani yake, litanyamaza. Jaribio hili ni ndugu wa lile lililomwonyesha Dolomieu kwamba jiwe lake lilikuwa na jambo geni, na gharama yake ni ndimu moja.

Nne, mwalimu asahihishe sababu pamoja na jibu. Swali lenye alama mbili litoe alama moja kwa kundi na moja kwa sababu. Na kabla ya kuandika alama ya kosa, amwulize mtoto, "Kwa nini umeweka hapa?" Swali hili huchukua muda mfupi sana. Siku ile sisi wawili, mwanachuo na mimi, hatukuuliza. Mtoto alijieleza mwenyewe bila ya kuulizwa, na bado hatukusikia.

Pingamizi mbili

Najua patakuwa na pingamizi. La kwanza ni mtihani. Mtihani, watasema, hutaka jibu moja. Naam, na mtoto aliyefundishwa kigezo atalijibu swali la mtihani vizuri zaidi, kwa sababu atatafuta kwanza swali linauliza nini. Wajibu wetu ni kuyatunga maswali yetu ya darasani kwa uwazi. "Taja aina tatu za milima" ni swali lililokatwa kichwa. "Taja aina tatu za milima kwa jinsi ilivyotokea" ni swali kamili, na tofauti yake ni maneno matatu tu. Katika darasa lenye watoto wengi, uwazi huo huokoa wakati.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wengine wataogopa kwamba tukisema makundi hutegemea swali, watoto watadhani kila jibu ni sahihi. Sivyo. Kigezo kikishatajwa, ukweli unabana. Anayepanga kwa aina ya mawe hawezi kuiita Kilimanjaro mlima wa chokaa, hata akipenda vipi. Mtaalamu aliyesema Marmolada ni Dolomiti kwa mipaka ya mito hakuruhusiwa kusema kwamba jiwe lake lote ni dolomiti. Jiwe lenyewe lingemkana. Yule msichana naye, kama angeweka kokoto ya mtoni pamoja na makombe kwa kigezo cha tanuri, angekosea, na tanuri lingemwonyesha kosa lake. Kigezo huweka mahali ambapo kosa laweza kuonekana. Pasipo kigezo, kosa na usahihi huwa ni amri ya mwalimu tu.

Neno la mwisho

Ndugu zangu mnaojiandaa kwenda madarasani, mtakutana na watoto wengi wanaoshika jiwe na kusita. Huenda kusita huko ni ujinga. Huenda pia ni ujuzi ambao bado haujapata jina la kitabuni. Hamtaweza kujua mpaka muulize. Mimi nimeibadili karatasi yangu ya tathmini. Zamani niliandika kwanza kama darasa lilikuwa kimya. Sasa naandika kwanza ni mara ngapi mwalimu alimwuliza mtoto "kwa nini?", na kama alingoja jibu.